Picha Ipo, Sauti Iko Wapi?

Mama msomaji, tatizo hili limezikuta nyumba nyingi. Mtoto aliyepata kazi mjini, au shemeji aliyerudi kutoka safari, amewaletea deki mpya ya diski. Watoto wamekwisha jipanga mkekani. Diski ya kwaya imeingizwa, picha imetokea safi kabisa, waimbaji wanapiga hatua na kufungua vinywa, lakini televisheni iko kimya. Baba watoto anaongeza sauti mpaka mwisho, anaipiga televisheni ubavuni, anachomoa nyaya na kuzichomeka tena. Kimya. Kesho yake anaitwa fundi wa mtaani, naye akiisha kuitazama televisheni kwa mbali anatoa hukumu: "Mama, hii imepitwa na wakati. Haiendani na deki mpya. Nunueni nyingine."

Mafundi wengine husema hivyo kwa kutojua, na wengine, tusifichane, husema hivyo kwa sababu wana televisheni ya kuuza. Vyovyote iwavyo, hukumu hiyo mara nyingi si ya kweli. Fedha ya televisheni mpya ni karo ya mtoto, ni mifuko ya mbolea, ni mabati ya jiko linalovuja. Kabla haijatoka ndani ya nyumba, yafaa mama mwenyewe aketi alichunguze jambo hili kwa utulivu. Kazi yenyewe haihitaji bisibisi wala cheti cha ufundi. Inahitaji macho, subira, na kujua sauti hupita njia gani kutoka kwenye diski mpaka masikioni.

Televisheni ya zamani tunayoisema hapa ni ile yenye kichogo kirefu nyuma, ambayo bado inafanya kazi katika nyumba nyingi. Katika televisheni hiyo picha na sauti hazipiti waya mmoja zinapotoka kwenye deki. Picha ina waya wake na sauti ina waya wake, na wakati mwingine sauti ina nyaya mbili. Ndiyo maana picha inaweza kufika salama na sauti ikapotea njiani. Kufika kwa picha hakuonyeshi kuwa sauti nayo imetumwa, na kutofika kwa sauti hakuonyeshi kuwa televisheni imeharibika.

Hapo kale jambo hili halikusumbua sana. Diski za VCD zilipoanza mwaka 1993, na DVD zilipofuata huko Japani mwishoni mwa 1996 na Marekani mwaka 1997, deki zilitengenezwa kwa kutazamia televisheni za kichogo, kwa kuwa ndizo zilizokuwapo. Mwishoni mwa mwaka 2002 ikatangazwa njia nyingine iitwayo HDMI, ambamo picha na sauti hupita pamoja katika waya mmoja kwa mfumo wa dijitali. Tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakipunguza matundu ya zamani nyuma ya deki, mwaka hata mwaka. Televisheni yako haikubadilika. Deki ndiyo iliyobadili lugha.

Tunaomba jambo moja kabla ya yote: kifuniko cha nyuma cha televisheni kisifunguliwe na mtu yeyote wa nyumbani, hata yule kijana anayejua kutengeneza redio. Kioo cha televisheni ya rangi ya namna hii hutumia umeme unaofika volti 20,000 na zaidi, na umeme huo unaweza kubaki ndani hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani. Yote tunayoyaeleza hapa hufanyika nje ya sanduku. Kila unapobadilisha nyaya, zima deki na televisheni kwanza, na punguza sauti isije ikalipuka ghafla masikioni mwa mtoto.

Je, televisheni yenyewe inasema?

Hapa ndipo pa kuanzia, na ajabu ni kwamba wengi hupapita. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini Tanzania, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, televisheni nyingi za kichogo hazikutupwa bali zilifungiwa ving'amuzi. Kama nyumbani kwako kipo king'amuzi, kirudishe mahali pake na usikilize. Ikiwa taarifa ya habari inasikika vizuri, basi spika ni nzima, na yule aliyekuambia kuwa televisheni imeungua hakuchunguza. Tafuta kosa upande wa deki.

Ikiwa king'amuzi nacho hakisikiki, tazama kwanza kama mtoto amebonyeza kitufe cha MUTE kwenye rimoti. Baadhi ya televisheni huonyesha alama ya spika iliyokatwa kwa mstari, nyingine hazionyeshi kitu. Kisha tafuta tundu la spika za masikioni, ambalo kwa kawaida liko mbele au ubavuni. Ndani ya tundu hilo mna kibati kidogo kinachokata sauti ya spika kubwa mara tu plagi inapoingizwa. Vumbi na kutu vikikishika, hubaki kimekata hata kama hakuna kitu ndani. Chomeka na uchomoe plagi ya spika za masikioni mara kumi hivi. Tumeiona televisheni iliyokaa kimya muda mrefu ikapata sauti kwa dawa hii isiyo na gharama.

Rangi tatu na mitego yake

Nyaya zinazokuja na deki nyingi huwa na vichwa vya rangi tatu. Njano ni picha. Nyeupe ni sauti ya upande wa kushoto. Nyekundu ni sauti ya upande wa kulia. Mpaka hapo ni rahisi, na mtoto wa darasa la pili ataweza. Mitego iko katika maandishi madogo yaliyo juu ya matundu, ambayo gizani nyuma ya kabati hakuna anayeyasoma. Washa tochi.

Deki ndiyo inayosema na televisheni ndiyo inayosikiliza. Kwa hiyo waya unatoka kwenye OUT ya deki na kuingia kwenye IN ya televisheni. Sasa, televisheni nyingi zina safu mbili za matundu yanayofanana kama mapacha, moja imeandikwa IN na nyingine OUT, hii ya pili ikiwa ni ya kupeleka sauti na picha kwenye chombo kingine. Mtu akipapasa kwa mkono huchomeka njano katika IN na nyeupe katika OUT, na hapo atapata picha isiyo na sauti hadi mwisho wa dunia. Vivyo hivyo kwa televisheni zenye AV1 nyuma na AV2 mbele: nyaya zote za deki moja zikae katika AV moja, zisigawanywe.

Upande wa deki, jihadhari na wekundu wa aina mbili. Deki nyingi zina matundu matatu ya kijani, buluu na nyekundu yaliyokaa pamoja. Hayo yote matatu ni ya picha, hata lile jekundu. Ukichomeka waya wa sauti hapo hutasikia kitu, au utasikia mvumo tu. Tundu la sauti la rangi nyekundu ni lile lililo jirani na jeupe. Lipo pia tundu la rangi ya machungwa au jeusi lililoandikwa COAXIAL au DIGITAL. Kichwa cha waya kinaingia humo bila taabu, lakini kinachotoka humo ni dijitali, na televisheni ya kichogo haiielewi. Deki nyingine ina matundu sita ya sauti kwa ajili ya spika nyingi, ambapo yako ni mawili tu, yaliyoandikwa FL na FR.

Kama kila kitu kimekaa mahali pake na bado kimya, ujaribu waya wenyewe. Nyaya hizi tatu kwa ndani ni ndugu, na kazi ya mmoja hufanywa na mwingine. Waya wa njano tunajua ni mzima kwa kuwa umeleta picha. Basi uchomoe, uutumie kwa sauti, pande zote mbili, kutoka tundu jeupe la deki hadi tundu jeupe la televisheni. Sauti ikitoka umekwisha kumjua mwizi: waya mweupe umekatika ndani, pengine ulibanwa na mguu wa kabati. Waya mpya ni fedha kidogo sana.

Siku hizi zipo deki ndogo na ving'amuzi ambavyo havina matundu matatu, bali kitundu kimoja cha mviringo kama cha spika za masikioni, na waya wake una mdomo mmoja upande huu na rangi tatu upande ule. Hapa rangi hudanganya. Kila mtengenezaji hupanga ndani ya ule mdomo mmoja kwa namna yake, kwa hiyo waya wa chombo kimoja ukitumiwa kwenye kingine, picha inaweza kutokea kwenye kichwa chekundu na sauti kwenye cha njano. Usiutupe. Chukua vichwa vitatu, uvijaribu kimoja kimoja katika tundu la njano la televisheni mpaka picha itokee, kisha vijaribu viwili vilivyobaki katika tundu jeupe. Ukipata mpangilio, funga uzi wa rangi au plasta kwenye kila kichwa usije ukasahau. Mara chache waya wa chombo kingine haufai kabisa hata ufanyeje, na hapo itabidi kutafuta ule ulio wake.

Televisheni yenye sikio moja

Televisheni nyingi za kichogo, hasa zile ndogo, zina tundu moja tu la sauti, jeupe. Watu huchomeka waya mweupe na kuuacha mwekundu ukining'inia, na kwa diski nyingi hakuna linaloharibika. Lakini kumbuka kuwa mwekundu ule umebeba nusu ya sauti.

Tunamkumbuka mama mmoja mjane, mzee wetu katika Umoja wa Wanawake wa usharika wa jirani, aliyekuwa na diski ya arusi ya binti yake wa kwanza. Mumewe alifariki mwaka uliofuata arusi hiyo, na katika diski ile yumo, amesimama na kipaza sauti mkononi akimkabidhi binti kwa wakwe zake. Picha ilikuwa nzuri. Sauti haikuwapo hata chembe, ingawa diski nyingine zote zilisikika vizuri katika deki ileile. Mama huyo aliambiwa kuwa mpiga picha hakunasa sauti, naye akaamini. Kwa miaka miwili akawa anamtazama marehemu akichezesha midomo.

Siku tulipomtembelea tulikuta televisheni yake ina tundu moja jeupe, na nyuma ya kabati waya mwekundu unaning'inia. Tukauchomoa mweupe na kuchomeka mwekundu katika tundu jeupe. Sauti ya mzee ikajaa chumbani. Kumbe kipaza sauti cha arusi kilikuwa kimeunganishwa upande wa kulia tu wa kamera, na upande wa kushoto haukupokea kitu. Mama yule hakusema neno. Alivuta kigoda akasogea karibu na spika, akampungia mkono mjukuu wake jikoni aache kutwanga.

Diski za namna hiyo ziko nyingi, maana wapiga picha wa arusi na misiba hutumia vifaa walivyo navyo. Ziko pia VCD za nyimbo ambazo kwa makusudi upande mmoja umewekwa ala tupu na upande wa pili waimbaji pamoja na ala, ili mtu aweze kuimba mwenyewe. Ukisikia kinanda bila kwaya, usiilaumu diski. Badilisha nyeupe na nyekundu kama tulivyofanya kwa yule mama. Rimoti ya deki nayo mara nyingi ina kitufe cha AUDIO au L/R: bonyeza mara moja moja na kusikiliza, kushoto, kulia, pande zote. Madukani huuzwa pia kiunganishi kidogo chenye matundu mawili na mdomo mmoja, kinachokusanya nyeupe na nyekundu pamoja.

Muziki mkubwa, maneno hayasikiki

Malalamiko haya ni tofauti kidogo. Sauti ipo, magari yanavuma, ngoma zinapigwa, lakini watu wakizungumza ni kama wananong'ona chini ya maji. Bibi anadhani masikio yake yamezeeka. Sauti inaongezwa ili maneno yasikike, ghafla mlango unabamizwa katika filamu na mtoto mchanga anashtuka usingizini.

Sababu iko kwenye deki. Filamu nyingi za DVD zimerekodiwa kwa ajili ya spika sita, na katika mpango huo mazungumzo hupelekwa kwenye spika ya katikati. Deki ikiwa imepangwa kana kwamba umezifunga spika zote sita, itayatuma maneno kwenye ile spika ya katikati ambayo huna, na kukuachia muziki wa pembeni. Fungua menyu ya deki kwa kitufe cha SETUP, tafuta sehemu ya sauti, na humo utakuta neno DOWNMIX au SPEAKER. Lichague liwe STEREO, au LT/RT. Maneno yatarudi kwenye nyaya zako mbili papo hapo. Mpango huu tumeukuta umeharibika hata katika deki iliyotoka dukani siku hiyo, kwa sababu mwuzaji aliijaribu kwa spika zake.

Na kama filamu moja tu ndiyo iliyo bubu huku nyingine zikisikika, bonyeza AUDIO wakati inacheza. Diski moja huweza kubeba sauti za aina mbili tatu. Ile iitwayo DTS haifunguliwi na kila deki, na isipofunguliwa deki hunyamaza. Chagua iliyoandikwa Dolby Digital au PCM, na mambo yatakwisha.

Deki isiyo na rangi hata moja

Tumefika penye fedha nyingi zinazopotea. Deki nyingine mpya ukizigeuza nyuma huoni njano, nyeupe wala nyekundu. Pana tundu moja bapa, HDMI, basi. Deki za Blu-ray ndizo zilizotangulia: masharti ya leseni za kulinda filamu yalikataza zisitoe tena picha ya analojia baada ya mwaka 2013. Chache kati ya hizo zimebakiza matundu meupe na mekundu ya sauti, kwa hiyo tazama vizuri.

Mama akienda dukani na shida hii, mara nyingi atauziwa waya wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na vichwa vitatu vya rangi upande wa pili, kwa bei inayopendeza. Asiununue. Waya mtupu hauwezi kugeuza dijitali kuwa analojia, kama vile bomba haliwezi kugeuza maji kuwa maziwa. Kinachotakiwa ni kisanduku kidogo cha kugeuza, chenye umeme wake, kinachoandikwa HDMI to AV. Soma maandishi hayo mpaka mwisho, kwa maana jirani yake rafuni, mwenye sura ileile, ameandikwa AV to HDMI, naye hufanya kazi ya kinyume. Havibadilishani.

Kisanduku hicho hupata umeme wa volti 5 kwa waya mdogo wa USB, na chaja ya simu inatosha. Wengine hukifunga bila umeme kwa kuwa taa yake huwaka hafifu hata hivyo, halafu picha inakuja na kwenda na sauti inakatikakatika. Kipe chaja yake. Ubavuni kina swichi ya PAL na NTSC: iweke PAL, mfumo tuliozoea huku kwetu, la sivyo televisheni nyingine itaonyesha picha isiyo na rangi au inayopanda na kushuka.

Sasa sauti. Vingi vya visanduku hivi hupokea sauti ya aina moja tu, iitwayo PCM, ambayo ni sauti ya pande mbili isiyofungwa kwa namna yoyote. Deki mpya hupenda kutuma sauti ikiwa imefungwa kama kifurushi, ili ifunguliwe na mtambo wa spika nyingi. Kifurushi kikifika kwenye kisanduku hakifunguliwi, na picha inaonekana katika ukimya mtupu. Ingia SETUP ya deki, sehemu ya AUDIO, ambapo patakuwa na HDMI AUDIO au DIGITAL OUTPUT. Kama imeandikwa RAW, BITSTREAM au AUTO, ibadilishe iwe PCM. Hili peke yake limeponya televisheni nyingi zilizokwisha kuhukumiwa, na hata zile bapa za zamani zenye HDMI huhitaji dawa hiyohiyo.

Tuseme pia ukweli mwingine: baadhi ya filamu za dukani zimewekewa ulinzi ambao hukataa kupita kwenye visanduku vya namna hii. Diski za arusi, za kwaya ya usharika na za mahubiri mlizorekodi wenyewe hazina tabu hiyo.

Kama deki bado haijanunuliwa, mweleze mtoto wako wa mjini hivi: "Mwanangu, geuza uone nyuma, pawe na njano, nyeupe na nyekundu." Sentensi hiyo moja inaokoa safari.

Televisheni yenye tundu la antena tu

Nyingine ni kongwe zaidi, hazina rangi yoyote, zina tundu la antena peke yake. Hizo zinahitaji kisanduku kiitwacho modyuleta, kinachopokea picha na sauti kutoka deki na kuzituma kwa waya wa antena kana kwamba ni kituo cha televisheni. Unaitafuta kama ulivyokuwa ukitafuta kituo zamani. Kama mna deki ya kaseti za video iliyosahauliwa juu ya kabati, nayo inaweza kufanya kazi hiyo: nyaya za rangi ziingie katika IN yake, na waya wa antena utoke humo kwenda televisheni.

Hapa kuna fumbo moja linalowashinda hata mafundi wa miaka mingi. Picha inakamatwa safi, sauti inakuwa shhhh. Katika njia ya antena sauti hukaa hatua fulani kutoka kwenye picha, na hatua hiyo si moja duniani. Katika mfumo wa B/G, unaotumika katika televisheni nyingi za huku kwetu, ni megahezi 5.5. Uingereza na Afrika Kusini walitumia mfumo wa I, megahezi 6. China walitumia D/K, megahezi 6.5. Ndugu akikuletea televisheni kutoka Uingereza na modyuleta ikatoka China, macho yatakutana lakini masikio hayatakutana. Tafuta katika menyu ya televisheni, au kwenye swichi ndogo ya modyuleta, maneno SOUND SYSTEM au SYS, na ubadilishe moja baada ya nyingine mpaka mmoja useme.

Na spika ikiwa imekufa kweli? Bado televisheni ina macho. Nyaya nyeupe na nyekundu za deki zipelekwe kwenye redio yenye tundu la AUX, picha ibaki kwenye televisheni. Zisichomekwe kwenye MIC wala PHONO, maana sauti itakwaruza. Usiziweke spika za redio zikigusana na televisheni ya kichogo: sumaku zake hutia madoa ya zambarau na kijani pembeni mwa picha. Hatua mbili kwenda kando zinatosha. Sauti ya redio nzuri huishinda ile ya televisheni, na tunazijua nyumba ambazo zimezoea hivyo na hazitaki tena kurudi nyuma.

Yakishindikana yote haya, mwite fundi, na umpe kila kitu: televisheni, deki, rimoti zote mbili, nyaya, na diski unayotaka kuisikia. Mweleze ulivyojaribu, king'amuzi kinasikika au hakisikiki, waya upi ulibadilisha. Fundi mwema atafurahi, kwa kuwa umemfanyia nusu ya kazi. Mpatane bei kabla hajafungua kifuniko, na usimlipe mpaka diski hiyohiyo imechezwa mbele yako na umeisikia kwa masikio yako, upande wa kushoto na wa kulia.